Mistari Miwili Niliyomwandikia Mkosha Maiti

Nimesomesha Kiswahili skuli miaka mingi, na kalamu yangu nyekundu imewatoa watoto wa watu machozi, sikatai. Lakini hakuna aliyeharibikiwa nayo. Nilingoja mpaka nistaafu, nikae zangu nyumbani kwetu Mkunazini nikijiona mtu wa maana, ndipo kwa mistari miwili nikamharibia jina mwanamke aliyekuwa akitukoshea maiti zetu. Watu waliacha kumwita. Mwanamke aliyeingia vyumba vya msiba vya nusu ya mji huu akawa hatakiwi mlangoni. Siandiki haya nionewe huruma. Huruma yenu kaeni nayo. Naandika kwa sababu kila nikikutana na mtu huniambia, "Mwalimu, si ulikuwa jaji wewe? Hebu tuhadithie."

Haya, nawahadithia.

Kikundi cha wachapishaji kiliitisha shindano la riwaya za upelelezi za mfululizo, yaani mpelelezi mmoja, vitabu vingi. Mshiriki alete vitabu viwili vilivyokamilika na muhtasari wa cha tatu. Atakayeshinda, mfululizo wake wote unachapishwa na kutiwa madukani. Majina yalifungiwa kwenye bahasha, sisi majaji tukapewa miswada yenye namba tu. Tulikuwa watatu: mie, mtangazaji mstaafu wa redio mwenye sauti nzito na maoni mepesi, na msomi mmoja wa chuo kikuu ambaye hawezi kusema neno mpaka akohoe kwanza. Miswada yangu ililetwa ndani ya gunia la mchele, na mletaji akaomba gunia lake.

Jamani, hizo hadithi za upelelezi zimejaa mpaka pa kuweka mguu hapana. Pita Mlandege uone, vijitabu vimepangwa mezani baina ya chaja za simu na soksi. Kwenye simu ndio usiseme: kila siku sehemu mpya, kila sehemu inaishia mtu kashikiwa bastola kisogoni, ukitaka kujua kama amekufa sharti ungoje kesho. Kesho hafi. Wote wanaandika kitu kimoja, na kila mmoja anaapa kuwa chake hakijapata kuandikwa.

Mpelelezi wa namba moja alivaa koti refu jeusi. Unguja hii! Jua la kaskazi linakausha mate mdomoni, yeye kainua kola. Wa namba tatu aliegesha gari mlangoni kwa mshukiwa, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho hata baiskeli hupita kwa kuombana radhi. Wa namba tisa ndiye aliyenimaliza. Maiti wake alikaa mochari siku sita, mpelelezi anakwenda anamfunua, anarudi anamfunua tena. Nikajiuliza, huyu maiti hana mama? Hana jirani? Kwetu mtu akifa alfajiri, tangazo linatoka msikitini chai haijachemka, Adhuhuri ikisaliwa naye kashasaliwa, na Alasiri watu wanakosha masufuria. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mzike kwanza." Mtangazaji alicheka hata akapaliwa, nami nikajiona hodari.

Kisha nikafungua namba kumi na nne.

Nilianza asubuhi, na chai yangu ikapoa kikombeni. Mpelelezi wake hakuwa na koti wala bastola. Alikuwa mkosha maiti wa kijiji cha kusini, mwanamke mtu mzima, mkulima wa mwani. Anaitwa, anakuja na kikapu chake cha sabuni, pamba na karafuu maiti, na katika nyumba nzima ni yeye anayeuona mwili ulivyo. Basi anajua. Lakini hawezi kusema, kwa sababu anayekosha hasemi alilolikuta. Jema atalitaja, la aibu ataliacha liende na mwenyewe. Hiyo ni amana, na kwetu hakuna asiyeijua. Kwa hiyo kitabu kizima yule mwanamke anazunguka na siri kifuani, anakaa matangani, anamenya vitunguu na wenziwe, anauliza hili na lile, mpaka mwenye makosa anajisema kwa ulimi wake. Wallahi nilisimama, nikatembea chumbani peke yangu. Katika gunia zima huyu ndiye pekee aliyejua anaandika kuhusu watu gani. Nikampa alama ambazo sijapata kumpa mwanafunzi.

Kitabu cha pili kilinisimamisha kwenye kurasa za mwanzo tu. Mkosha anaitwa kwa bibi mmoja mzee. Anapitisha mkono chini ya shuka, anafika nyuma ya bega, mkono unasita. Pana kovu la pasi ya makaa, ncha yake kamili, na upande mmoja limekolea zaidi, kama kwamba aliyeishika alielemea.

Kovu hilo nalijua. Lilikuwa kwa mama yangu.

Baba alikuwa fundi wa kanzu, na watu walitoka mashamba kuja kushonewa naye. Alisifiwa kwa upole. Nilikuwa na miaka minane siku ile, nimekaa chini ya meza ya kukatia nikiokota vifungo, mama alipounguza kanzu ya mteja kwa pasi. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Ngoja uone nguo ilivyoumia," akaichukua pasi mkononi mwa mama. Jioni ile shangazi, dada yake baba, akatukusanya watoto akatuambia mama kaungua maji ya moto, na kwamba sisi ni watoto wenye adabu. Tukawa na adabu. Kwa miaka yote aliyoishi mama hatukupata kulitaja, na alipokufa baba watu walilia barabarani.

Mama naye alipofariki tuliingia watatu chumbani: shangazi, mie niliyekuwa nikichota maji kwa kata, na mkosha wetu, mwanamke wa mtaani kwetu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mkono wake ulipofika begani, kabla hajafungua mdomo, shangazi akasema, "Aliungua maji ya moto." Mkosha hakuuliza, hakuitikia. Alimimina maji pahala pale polepole, mara tatu, kisha akavuta shuka akafunika. Shangazi naye ameshakufa siku nyingi.

Basi mie, niliyewacheka wapelelezi wa gunia zima, nikafanya upelelezi wangu. Tuliouona mgongo ule tulikuwa watatu. Mmoja kafa. Mmoja ni mie. Aliyebaki ni nani? Kweli, kitabuni bega lilikuwa la kushoto na la mama lilikuwa la kulia. Nililiona hilo, msidhani sikuliona. Nikajiambia, kabadilisha kusudi asijulikane, mjanja huyu. Kama kaandika mwenyewe au kamsimulia mtu, kwangu ilikuwa mamoja. Niliubamiza mswada mezani hata miwani ikanitoka. Mama yangu, aliyekaa na kovu lile maisha yake yote bila ya kulalamika, leo anauzwa mezani pamoja na soksi!

Tulipokutana majaji, wenzangu wote wawili walikuwa wameipa namba kumi na nne nafasi ya kwanza. Nikawaambia haifai. Wakataka sababu.

"Si kazi ya kubuni," nikasema. "Mwili huu naujua. Ni wa mtu aliyekufa, na aliyeandika ndiye aliyemkosha."

Msomi akakohoa. "Lakini Mwalimu, haiwezi ikawa imesadifu tu?"

"Isadifu vipi? Nyinyi wanaume, chumba wanachokoshwa wanawake hamjaingia wala hamtaingia. Mie nimo. Nakwambieni huyu katoa siri ya maiti."

Wangesema nini? Hakuna mwanamume wa mji huu atakayebishana na mwanamke juu ya chumba kile, nami nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Mtangazaji akasema basi, tusijitie katika mambo ya amana. Tukampa ushindi namba moja, wa koti refu. Kila mshiriki alikuwa na haki ya kupelekewa maoni ya jaji, na ya namba kumi na nne niliomba niyaandike mwenyewe. Nikaandika mistari miwili: "Kazi hii si ya kubuni. Mwandishi ametoa siri ya maiti aliyemkosha kwa mikono yake." Nikaisoma tena na nikaona nimemtetea mama yangu. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Haikupita miezi miwili, akafariki jirani yetu wa nyumba ya pili. Nikenda mapema, kama desturi, nikakuta wanawake wanazozana kwa sauti ya chini. Maiti yupo kitandani na mkosha hajaitwa.

"Mbona hamumwiti wetu?" nikauliza.

"Yule? Hujasikia, Mwalimu?" akanijibu mmoja wao, binamu wa marehemu. "Kaandika kitabu cha siri za maiti. Majaji wenyewe wamemwandikia barua. Nani atamtia ndani tena, aende akatuandike?"

Ndipo nikajua yaliyotokea. Aliandika mwenyewe, kwa mkono, kwenye madaftari ya skuli, kisha akapeleka duka moja la Mlandege wanalochapa na kutoa kopi, akatumia namba ya simu ya duka kwa kuwa simu yake ni ya kitochi. Majibu yakenda dukani. Mwenye duka akayasoma kwa sauti wateja wamejaa, si kwa ubaya, kwa kuona makubwa tu. Hata wiki haikwisha, maneno yalifika Mwanakwerekwe sokoni. Ulimi hauna mfupa. Wakamwita mkosha mwengine kutoka mbali, maiti akachelewa kusaliwa, na mie nikasimama pale nikisema moyoni: nilijua, nilijua ni yeye. Sikuwa na haya hata chembe.

Wiki iliyofuata nikenda Fumba, alikokuwa amehamia kwa mwanawe tangu watu waache kumwita. Msinisifu. Sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kumtia adabu.

Nilimkuta ukumbini anasuka ukili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali za nyumbani mmoja mmoja, kwa majina. Akanisogezea mkeka. Sikukaa.

"Bi Mkubwa, nimekuja kukuuliza moja tu. Mgongo wa mama yangu, nani kakupa ruhusa kuutia kitabuni?"

Mikono ikasimama. "Mgongo wa mama yako?"

"Lile kovu. La pasi."

"Kwani mama yako alikuwa na kovu la pasi?"

Mnasikia? Alinambia hivyo mie, mie niliyemshikia kata siku ile, niliyesimama hatua moja kutoka mkono wake.

"Bi Mkubwa, tulikuwa sote chumbani!"

"Mie nikishamvisha mtu sanda, mwanangu, sikumbuki. Nimekosha wengi. Sikumbuki hata mmoja."

Hapo ningelikuwa na akili ningelikaa chini. Badala yake nikapandisha sauti, nikamwambia asinifanye mtoto, kitabu nimekisoma, na mistari ile miwili ni yangu. Nikamwambia hivyo kwa fahari. Alishtuka. Kumbe muda wote huo alikuwa hajui ni nani aliyemwandikia.

"Ni wewe, Mwalimu?"

"Ni mie."

Akauweka ukili chini. Akateremsha kanga ya begani, akageuka akanipa mgongo. Bega la kushoto. Ncha kamili ya pasi, upande mmoja imekolea zaidi.

"Mume wangu wa mwanzo alikuwa dobi," akasema, bado kanigeuzia mgongo. "Hii ndiyo ya kitabuni. Yangu. Ya watu siwezi kusema, lakini yangu, nani atanikataza?"

Nikaukalia mkeka ule ule niliokuwa nimeukataa. Aliifunga kanga yake. Hakuwa na ukali, na hilo lilinikera zaidi, maana nilitaka anitukane.

"Unajua kwa nini niliandika? Siri ya maiti nzito, Mwalimu. Nimewabebea watu miaka. Nikasema mie siku yangu ikifika sitaki mwenzangu anibebee. Alikute kovu langu limeshasemwa na mwenyewe, amimine maji tu, amalize. Tena nikaona kwa hadithi ndio vizuri, hakuna atakayeaibika. Mtu atasoma, atadhani ni mambo ya kubuni."

"Kumbe," nikasema. Mwalimu mzima wa Kiswahili, neno nililolipata ni hilo.

"Na wewe ukadhani pasi iko kwenu tu," akasema.

Ndiyo. Nilidhani iko kwetu tu. Nililelewa nikiamini kwamba aibu ya nyumba yetu ilikuwa ya pekee, haina mfano Unguja nzima, na nikaiona nyumba nyengine zote zimekaa salama. Siri ya mtungi aijua kata, na mie nilijifanya kata wakati sikujua hata mtungi wa jirani. Na katika sisi sote, aliyetoa siri ya mama ni nani? Nilikwenda kuwaambia wanaume wawili kuwa mwili ule naujua. Nikaja Fumba nikautaja ukumbini, mkaza mwanawe yuko jikoni anasikia. Mkosha alikataa mpaka mbele yangu. Mie ndiye niliyesema.

Nilimwomba radhi. Akasema kashasamehe, kama wanavyosema watu wetu wote, na sikumwamini. Nikamwambia nitaandika barua ya kusahihisha, nitamtafutia mchapishaji mwengine, kitabu ni kizuri, sijasoma kizuri kama kile.

"Madaftari nshayachoma," akasema.

"Ipo kopi, wenye shindano wanayo. Nitakwenda kuidai."

"Usende. Kitabu kilichokwisha kuambiwa kina siri ya maiti, mtu atakisoma kutafuta maiti ni nani tu. Kama ulivyokisoma wewe." Akaurudia ukili wake. "Mie sikuomba makubwa, Mwalimu. Niliomba wakikubali wakichapishe, na nikifa nikoshwe vizuri. Sasa kukosha siitwi, na kitabu hakuna."

Barua niliiandika hata hivyo, maana mie ni mtu wa kuandika. Niliipeleka duka lile lile la Mlandege. Mwenye duka akaisoma kimoyomoyo, akasema, "Ala, kumbe," akanibandikia ukutani karibu na bei za kopi. Hakuna aliyeisoma kwa sauti. Nikapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu nikisema ni makosa yangu, mwanamke yule ni mwaminifu kuliko sote. Walinikirimu chai. Walisema, "Mwalimu una moyo mzuri, unamsitiri." Ukimsingizia mtu wanakuamini papo hapo, ukimsafisha wanakuona mwema. Wenye shindano walinijibu kwamba shindano limefungwa. Namba moja kimetoka sasa, kina picha ya mtu kavaa koti refu, na kinauzwa vizuri tu.

Bi Mkubwa alifariki siku chache baada ya Idi. Mkaza mwanawe alinipigia simu mwenyewe, akasema marehemu alishasema niwemo chumbani. Sijui kama alinipa heshima au adhabu, na hakuna wa kumuuliza.

Tuliingia watatu, kama siku ile ya mama: mkaza mwana, mie na kata yangu, na mkosha wa kuitwa, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Mwanakwerekwe ambaye hakumjua marehemu. Alifanya kazi yake vizuri. Alisoma dua zake, akakosha kwa mpango, mkono ukipita chini ya shuka. Ulipofika bega la kushoto ukasita. Nililijua pahala hapo kabla yake.

Yule wetu hakuwa akiuliza. Huyu aliuliza. Alininyanyulia macho mie, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkubwa chumbani, akasema taratibu, "Hili nini?"

Nilikuwa na jibu. Alinipa mwenyewe, ukumbini pale, mgongo wake wazi: limeshasemwa, mimina maji tu, malizia. Kitu kimoja tu alichotaka katika dunia hii, na kitabu cha kumfanyia hivyo nilikwisha kukiua, ikabaki mie niseme neno moja. Mkaza mwana akanitazama. Mkosha akanitazama.

"Aliungua maji ya moto," nikasema.

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, akaniomba nimimine.